William Macewen

Sir William Macewen (karibu na Rothesay, kisiwa cha Bute, Uskoti, 22 Juni 1848 – Glasgow, 22 Machi 1924) alikuwa daktari mpasuaji wa Uskoti. Vitabu vingi humtaja kwanza kama mmoja wa waanzilishi wa upasuaji wa ubongo. Katika mji wake mwenyewe, hata hivyo, watu walimjua zaidi kama daktari aliyenyoosha miguu ya watoto wenye matege. Aliukata mfupa uliopinda, akaupanga upya, akauacha uunge ukiwa umenyooka. Upasuaji huo unaitwa osteotomia, na leo unatumika pia kuokoa magoti ya watu wazima yaliyoanza kusagika upande mmoja.

Maisha ya awali

Macewen alizaliwa katika familia kubwa. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya 12. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa baharini. Familia ilipohamia Glasgow, kijana huyo alisoma huko na mwaka 1865 akaanza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Alihitimu mwaka 1869.

Miaka hiyo ilikuwa ya pekee. Mwalimu wa upasuaji chuoni hapo alikuwa Joseph Lister, ambaye Agosti 1865 alimtibu mvulana aliyevunjika mguu kwa kufunika kidonda chake kwa kitambaa kilicholowanishwa asidi ya kaboliki. Kidonda kilipona bila kuoza. Kabla ya hapo, mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi ulimaanisha mara nyingi kukatwa mguu, na wengi walikufa hata baada ya kukatwa. Lister alikuwa amesoma kazi za Louis Pasteur wa Ufaransa kuhusu vijidudu, akatambua kwamba usaha hautoki kwenye hewa mbaya bali kwa viumbe hai wadogo wanaoingia kidondani. Macewen aliyaona hayo akiwa mwanafunzi, na bila ya hayo kazi yake ya baadaye isingewezekana.

Baada ya kuhitimu alifanya kazi katika hospitali ya magonjwa ya homa, kisha akawa daktari wa polisi. Kazi ya polisi ilimpa majeraha ya kila aina: walevi walioanguka, wafanyakazi walioumia viwandani, watu waliopigwa vichwani. Katikati ya miaka ya 1870 alipata nafasi katika Hospitali ya Kifalme ya Glasgow, na muda si mrefu akawa mpasuaji kamili akiwa hajafikisha umri wa miaka 30. Alimwoa Mary Watson Allan mwaka 1873.

Watoto wa Glasgow

Glasgow ya wakati huo ilikuwa mji wa makaa ya mawe, chuma na meli. Maelfu ya familia ziliishi katika nyumba za ghorofa zilizobanana, chumba kimoja au viwili kwa familia nzima, na moshi wa viwanda ulilifunika jua. Watoto wengi wa mji huo walikuwa na mifupa laini isiyoweza kubeba mwili. Walipoanza kutembea miguu ilipinda. Kwa baadhi magoti yaliachana kama upinde, kwa wengine yaligongana huku nyayo zikiwa mbali. Kwa Kiswahili tunayaita yote matege, lakini kwa mpasuaji ni matatizo mawili yanayopingana, kwa sababu uzito wa mwili hupita upande wa ndani wa goti katika hali ya kwanza na upande wa nje katika ya pili.

Chanzo chake hakikujulikana. Ni karibu na mwaka 1920 tu ambapo watafiti wa Uingereza, akiwamo Edward Mellanby, na wengine waliofanya kazi Vienna, walithibitisha kwamba mafuta ya ini la samaki na mwanga wa jua huzuia ugonjwa huo. Kitu kilichokosekana kiliitwa vitamini D. Macewen alikuwa ametumia maisha yake yote ya kazi kunyoosha kwa patasi miguu ambayo mwanga wa jua ungeizuia isipinde. Si kosa lake, hakuna aliyejua. Hata hivyo alichunguza kwa makini namna mfupa unavyopinda na mahali unapopindia, na uchunguzi huo ulimpa njia ya kuutibu.

Osteotomia

Kukata mfupa ili kunyoosha kiungo hakukuwa wazo jipya. John Rhea Barton wa Philadelphia, Marekani, alikata mfupa wa paja karibu na nyonga mwaka 1826, na wapasuaji wa Ujerumani walijaribu kukata mifupa kupitia tundu dogo la ngozi. Wengi waliogopa, na walikuwa na sababu. Kukata mfupa kupitia ngozi ni kumtengenezea mgonjwa kwa makusudi jeraha lilelile lililokuwa likiua watu: mfupa uliovunjika wenye kidonda wazi. Kufanya hivyo kwa mtoto ambaye hayuko katika hatari ya kufa, ila anatembea vibaya, lilikuwa jambo zito.

Macewen alianza katika nusu ya pili ya miaka ya 1870, akitumia njia ya Lister ya kuua vijidudu. Kwa magoti yanayogongana alichagua kukata fupaja, yaani mfupa wa paja, juu kidogo ya goti. Alipasua ngozi kidogo upande wa ndani, akaingiza patasi hadi kwenye mfupa, kisha akaigeuza ikae kukingama mfupa. Kwa nyundo aliukata sehemu kubwa lakini si wote. Sehemu iliyobaki aliivunja taratibu kwa mikono yake huku akiunyoosha mguu, kama mtu anavyokunja kijiti kibichi. Faida ilikuwa kwamba patasi haikufika upande wa pili, wala haikukaribia mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti. Mguu ulifungwa kwenye banzi mpaka mfupa ulipounga.

Chombo chenyewe kinastahili maneno machache. Patasi ya seremala hunolewa upande mmoja, na ndiyo maana ikigongwa ndani ya mti huvuta kuelekea upande mmoja. Macewen alitengenezesha patasi iliyonolewa pande zote mbili, ili iende moja kwa moja. Ilikuwa ya chuma kitupu kuanzia ncha hadi mpini, bila mbao wala pembe ambamo uchafu ungejificha, na ilikuwa na alama za vipimo ili mpasuaji ajue ameingia kina gani. Alitumia patasi tatu za unene tofauti: alianza na nene, kisha nyembamba zaidi kadiri alivyoingia ndani ili chombo kisikwame. Yote haya aliyafanya bila kuona ndani ya mguu, maana mionzi ya eksirei iligunduliwa mwaka 1895 tu. Aliongozwa na vidole, vipimo na ujuzi wa umbo la mfupa.

Mwaka 1880 alitoa kitabu juu ya osteotomia na asili ya matege. Kufikia mkutano wa kimataifa wa madaktari huko Copenhagen, Denmark, mwaka 1884, alikuwa amefanya upasuaji huo zaidi ya mara 1,000, na vifo vilikuwa vichache mno. Takwimu hizo ziliwafanya wapasuaji wa nchi nyingine waache woga.

Kupandikiza mfupa

Osteotomia ilizaa jambo lingine. Mtoto mmoja mdogo alikuwa amepoteza karibu mfupa wote wa mkono wa juu kwa sababu ya usaha. Mkono ulining'inia bila nguvu. Katika miguu iliyopinda kama upinde Macewen alikuwa akiondoa vipande vyenye umbo la kabari kutoka kwenye muundi, na vipande hivyo hutupwa. Badala ya kuvitupa alivikata vidogo vidogo na kuvipanda katika mkono wa mtoto huyo, kwa awamu tatu, mwaka 1879 na 1880. Vipande vilishika na kuwa mfupa, na mtoto alikua akiutumia mkono huo. Taarifa yake ilisomwa mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London mwaka 1881. Hii ndiyo mara ya kwanza inayojulikana ya kupandikiza mfupa kutoka mtu hadi mtu na kufanikiwa.

Tukio hilo lilimfanya aendelee kuuliza mfupa unakua vipi. Wengi waliamini kwamba ngozi nyembamba inayoufunika mfupa ndiyo inayouzalisha. Yeye alishikilia kwamba seli za mfupa wenyewe ndizo zinazojenga, na akaandika kitabu juu ya ukuaji wa mfupa mwaka 1912. Akiwa mzee alichunguza pembe za kulungu, ambazo huanguka na kuota upya kila mwaka, akazitolea kitabu mwaka 1920.

Kazi nyingine

Mwaka 1878 alipitisha bomba mdomoni hadi kwenye koo la hewa la mgonjwa aliyekuwa na uvimbe kwenye shina la ulimi, ili apumue nusukaputi bila kutobolewa shingo. Njia hiyo hutumika leo katika kila chumba cha upasuaji. Mwaka 1879 aliondoa uvimbe kichwani mwa msichana baada ya kukisia mahali ulipo kwa kuangalia dalili za mwili pekee, na msichana huyo aliishi miaka mingine. Kitabu chake cha mwaka 1893 juu ya usaha wa ubongo na uti wa mgongo kilionyesha matokeo ambayo hayakufikiwa na wengine kwa muda mrefu. Mwaka 1895 aliondoa pafu zima la mgonjwa wa kifua kikuu.

Alikuwa pia miongoni mwa wapasuaji wa kwanza kuvua koti jeusi lililokauka damu, ambalo wenzao walilivaa kwa fahari, na kuvaa vazi jeupe lililosafishwa kwa mvuke. Baada ya muda aliacha kunyunyizia asidi ya kaboliki. Aliona ni bora kuzuia vijidudu visiingie kabisa kuliko kuviua vikiwa vimeingia. Alipigania mafunzo ya wauguzi akishirikiana na Rebecca Strong, msimamizi wa wauguzi wa hospitali hiyo. Inaelezwa kwamba alipoitwa kwenda kufundisha Johns Hopkins, Marekani, mwaka 1889, alikataa kwa kuwa asingekuwa na mamlaka juu ya wauguzi.

Mwaka 1892 alishika kiti cha uprofesa kilichowahi kuwa cha Lister. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1902. Hakuwa mtu mwepesi kufanya naye kazi: alijiamini, alifanya mambo kwa njia yake, na hakuacha wanafunzi wengi wa kuendeleza upasuaji wake wa ubongo.

Vita Kuu ya Kwanza iliporudisha maelfu ya askari na mabaharia waliokatwa viungo, Macewen aliongoza uanzishaji wa hospitali ya Erskine karibu na Glasgow mwaka 1916. Miguu ya bandia ilikuwa haba, hivyo aliwaendea mafundi wa viwanda vya meli vya mto Clyde. Watu waliozoea kuchonga mbao za meli walianza kuchonga miguu, na hospitali ikawa na karakana yake. Aliendelea kufanya kazi hadi karibu na kifo chake, kilichotokea Glasgow akiwa na umri wa miaka 75. Alizikwa katika kisiwa cha Bute alikozaliwa.

Kutoka matege hadi goti linalosagika

Macewen hakufanya osteotomia kwa ajili ya wazee wenye maumivu ya magoti. Hatua hiyo ilikuja baadaye. Uhusiano wake unaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kumwona mwashi akitumia timazi. Ukidondosha uzi kutoka katikati ya nyonga hadi katikati ya kifundo cha mguu, katika mguu ulionyooka uzi hupita karibu na katikati ya goti. Mguu ukipinda kama upinde, uzi huhamia upande wa ndani, na upande huo hubeba mzigo wa pande mbili. Wakati wa kutembea goti hubeba mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili, hivyo pembe ya nyuzi chache tu si jambo dogo. Gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, huliwa upande mmoja. Likiisha, mfupa hugusana na mfupa. Na kadiri upande huo unavyoliwa ndivyo mguu unavyozidi kupinda, na ndivyo mzigo unavyozidi.

Mwaka 1958 J. P. Jackson wa Uingereza alitoa taarifa ya kutibu ugonjwa huo kwa kukata mfupa badala ya kugusa goti lenyewe, na mwaka 1961 yeye na W. Waugh walieleza njia ya kukata muundi. Mark Coventry wa Mayo Clinic, Marekani, aliitangaza sana kuanzia mwaka 1965. Aliondoa kabari ya mfupa chini kidogo ya goti, akafunga pengo, na mguu ukanyooka. Njia nyingine ni kukata upande wa ndani na kufungua pengo, kisha kulishikilia kwa bati la chuma na skrubu. Pengo hilo wakati mwingine hujazwa vipande vya mfupa, wazo ambalo Macewen angelitambua mara moja. Kwa goti lililosagika upande wa nje kwa sababu magoti yanagongana, mfupa unaokatwa mara nyingi ni fupaja, karibu na mahali palepale alipopachagua yeye.

Gegedu lililoliwa halirudishwi kama lilivyokuwa. Kinachofanyika ni kuuhamisha mzigo kwenda upande ambao bado mzima, ili maumivu yapungue na goti liendelee kutumika. Kwa sababu hiyo upasuaji huu una wakati wake. Unamfaa zaidi mtu ambaye bado ana nguvu, kwa kawaida chini ya umri wa miaka 60, ambaye upande mmoja tu umesagika na goti bado linakunjika na kunyooka vizuri. Aliyesagika pande zote, au mwenye baridi yabisi inayoshambulia kiungo kizima, hapati faida hiyo. Kupona huchukua miezi kadhaa, na mgonjwa hutembea kwa magongo mpaka mfupa uunge. Hatari zipo: vijidudu, damu kuganda mishipani, neva ya mguu kuumia, au mfupa kukataa kuunga, jambo linalowapata zaidi wavutaji wa sigara. Wengi hupata nafuu ya miaka 10 au zaidi, na baadaye bado wanaweza kuwekewa goti bandia.

Goti bandia lilipoenea kuanzia miaka ya 1970, osteotomia ilipungua sana. Ilirudi karibu na mwaka 2000 baada ya kupatikana mabati yanayofungana na skrubu zake, na baada ya madaktari kuona kwamba goti bandia likiwekwa kwa mtu wa miaka 45 anayefanya kazi ngumu linaweza kuchakaa mapema.

Hali katika uwanda wa kati wa Tanzania

Habari hizi zina uzito wake Dodoma, Singida na maeneo ya jirani. Mkulima wa zabibu au mtama hulima akiwa ameinama, huchuchumaa chooni, hupiga magoti au kusujudu ibadani, na hutembea mwendo mrefu. Goti bandia hupunguza uwezo wa kuchuchumaa na kupiga magoti, na bei yake ni kubwa kwa familia ya kijijini. Goti la asili lililonyooshwa mapema huhifadhi mengi ya hayo.

Matege yenyewe hayajaisha, ingawa jua hapa si haba. Katika sehemu za Singida, Arusha na mikoa mingine iliyo karibu na Bonde la Ufa, maji ya visima yana floraidi nyingi. Dalili inayojulikana kwa wote ni meno ya kahawia. Mwalimu yeyote aliyefundisha huko amewaona wanafunzi wanaoficha mdomo wanapocheka. Kiasi kikiwa kikubwa zaidi kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika na miguu ya watoto hupinda. Hapo awali Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 za floraidi katika lita moja ya maji kwa sababu vyanzo mbadala vilikuwa vichache. Kiwango kimeshushwa hadi miligramu 1.5, sawa na pendekezo la Shirika la Afya Duniani. Mtoto aliyekua na mguu uliopinda ndiye mtu mzima ambaye goti lake litasagika upande mmoja.

Tanzania ina wapasuaji wa mifupa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996 jijini Dar es Salaam, katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971, na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Mgonjwa wa goti anayefika huko akiwa bado anatembea vizuri kiasi hupigwa picha ya eksirei ya mguu mzima akiwa amesimama, kutoka nyonga hadi kifundo, kwa kuwa picha ya goti peke yake, tena akiwa amelala, haionyeshi uzito unapita wapi.